Corvette ni Bei, si Pua

Tarehe 18 Julai 2019, mjini Tustin, California, ndani ya banda kubwa lililojengwa zamani kwa ajili ya meli za angani za jeshi la wanamaji, kampuni ya General Motors ilizindua gari ambalo wapenzi wa magari nchini Marekani walikuwa wakilisubiri, na wakati huohuo wakiliogopa, kwa zaidi ya nusu karne. Kilikuwa kizazi cha nane cha Chevrolet Corvette, au C8 kama wanavyokiita wenyewe. Injini, ambayo tangu mwanzo ilikaa chini ya boneti la mbele, ilikuwa imehamishwa nyuma ya viti. Kelele zikaanza usiku uleule. Wapo waliosema hii si Corvette tena, ni Ferrari ya maskini, na kwamba gari limenyang'anywa pua yake ndefu na kwa hiyo limenyang'anywa jina lake. Hoja yangu leo ni kwamba walalamikaji hao walikuwa wakilinda kitu kisicho cha kulindwa. Uhai wa Corvette haujawahi kuwa kwenye pua. Uko kwenye mapatano ya bei: mwendo wa gari la tajiri kwa pesa ambayo fundi mkuu wa kiwandani, au mwalimu aliyestaafu na akiba yake, anaweza kuifikia akijibana. C8 ililinda mapatano hayo kwa kuvunja umbo la zamani. Na pale ambapo kizazi hiki kimeyumba, kimeyumba kwenye bei.

Tuanze na historia, maana wanaolilia asili ya Corvette mara nyingi huisahau asili yenyewe. Ya kwanza ilionyeshwa tarehe 17 Januari 1953 katika hoteli ya Waldorf Astoria, New York. Mwaka huo yalitengenezwa magari 300 tu huko Flint, Michigan, yote meupe nje na mekundu ndani, yenye bodi ya faibaglasi. Sura ilivutia. Ukifungua boneti, ulikuta injini ya silinda sita yenye nguvu za farasi 150, imeungwa na giaboksi ya oto ya gia mbili. Gia mbili! Waingereza waliokuwa wakiuza Jaguar zao Marekani hawakukosa usingizi. Injini ya V8 iliingia mwaka 1955, gia za mkono zikafuata, na ile pua ndefu inayoliliwa leo ilifikia kilele chake katika kizazi cha tatu, kilichoanza na toleo la 1968. Kwa maneno mengine, karibu kila kitu kinachoitwa Corvette halisi kiliongezwa baadaye, na waliokiongeza walikuwa watu wasioridhika na gari walilolikuta.

Mkuu wa watu hao alikuwa Zora Arkus-Duntov, mhandisi aliyezaliwa Brussels kwa wazazi Warusi. Aliliona gari lile kwenye maonyesho ya New York mwaka 1953, akaipenda sura yake na kuisikitikia injini yake, akaomba kazi General Motors na kuipata mwaka huohuo. Desemba hiyo aliwaandikia wakubwa wake waraka akiwaeleza kwamba vijana wa Marekani wanaochokonoa injini kwenye magereji wako upande wa Ford, na Chevrolet isipowatafuta haitawapata. Kufikia mwaka 1960 alikuwa amekwisha kuunda gari la majaribio, CERV I, lenye injini nyuma ya mgongo wa dereva. Mwaka 1964 likafuata la pili. Mwaka 1970 lingine, XP-882, likaonyeshwa New York na magazeti yakaandika kwamba Corvette mpya imefika. Haikufika. Kila mara wenye fedha walikuwa na jibu moja: Corvette iliyopo inauzika, tutumie mamilioni kubadilisha kitu kinachotuingizia pesa kwa sababu gani? Duntov alistaafu mwaka 1975 na akafariki mwaka 1996 bila kuliona gari lake sokoni. Hata kizazi cha saba kiliwahi kufikiriwa kwa muundo huo, kabla ya msukosuko wa fedha wa 2008 na kufilisika kwa General Motors tarehe 1 Juni 2009 kuufunga mjadala. Kwa hiyo anayesema kuhamisha injini ni tamaa ya kuiga Wataliano anamdhulumu mtu aliyeutafuta muundo huo ndani ya kampuni yenyewe tangu siku ambazo nchi zetu nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa bado hazijapandisha bendera zao.

Lakini ndoto ya mzee haitoshi kuwa sababu. Sababu yenyewe ni ya kifizikia, na dereva yeyote wa pikapu anaijua: pikapu tupu kwenye matope inazungusha tairi za nyuma bure mpaka upakie magunia mawili matatu ya mchanga juu yake. Tairi linalosukuma linahitaji uzito wa kulikandamiza chini. Corvette ilikuwa ikisukumwa na magurudumu ya nyuma huku injini ikiwa mbele, na kadiri nguvu zilivyoongezwa ndivyo nyingi zilivyoishia kuwa moshi wa mpira. Ushahidi mzuri kuliko wote uko kwenye takwimu za Chevrolet yenyewe. Toleo kali la mwisho la kizazi cha saba, ZR1 ya mwaka 2019, lilikuwa na nguvu za farasi 755 na liliuzwa kwa karibu dola 120,000. Kampuni ilisema linatoka kusimama hadi maili 60 kwa saa, yaani karibu kilomita 97, kwa sekunde 2.85. Mwaka mmoja baadaye ikaja C8 ya kawaida, Stingray, yenye nguvu za farasi 495 ikiwa na vifaa vya ziada vya mwendo, ikafanya kazi ileile kwa sekunde 2.9. Nguvu 260 zimetoweka, bei imeshuka kwa kiasi kikubwa, na tofauti ni kufumba jicho. Mhandisi mkuu, Tadge Juechter, na wenzake walikuwa wamesema wazi kwamba muundo wa injini mbele umefika mwisho wake. Hakuna tena cha kukamua. Katika C8 takribani asilimia 60 ya uzito uko juu ya magurudumu ya nyuma, na dereva amesogezwa mbele kiasi kwamba anaiona barabara karibu na miguu yake. Hapo mtu anaweza kulaumu uzuri wa gari akitaka, lakini hesabu haina pa kushikwa.

Sasa, wangeweza kulifanya jambo hili kwa njia ya kitajiri. Wangetengeneza fremu ya kaboni, injini ya gharama, wakauza magari elfu moja kwa mwaka kwa watu wenye mabanda yenye viyoyozi. Cha kutazama ni walichokataa kukibadilisha. Injini ya Stingray, LT2 ya lita 6.2, bado ina kamshafti moja tu iliyozama katikati ya bloku na valvu mbili kwa kila silinda, muundo ambao watengenezaji wengi wa Ulaya waliuacha zamani na ambao Wamarekani wanaung'ang'ania kwa sababu ni mfupi, mwepesi na rahisi kutengeneza. Bodi bado ni ya plastiki zenye nyuzi. Paa bado linafunguliwa kwa mkono na kuwekwa ndani ya buti. Na buti hilo, lililo nyuma ya injini, lilipimwa liweze kumeza mifuko miwili ya gofu, kwa kuwa wenye Corvette wengi ni wazee wa gofu na kampuni haikutaka kuwapoteza. Mbele, pale injini ilipokuwa, pana shimo la kutosha begi la safari. Ndani ndipo walipojaribu ubishi: msururu wa vitufe vya hewa na joto ulipangwa kwenye ukuta mrefu ulioteremka kutoka dashibodi hadi kiunoni, ukimtenga dereva na abiria wake kama watu waliogombana. Binafsi niliuona kuwa kosa, na inaelekea Chevrolet nao waliuona hivyo, maana katika toleo la 2026 dashibodi imechorwa upya na ukuta ule umeondolewa.

Bei ya kuanzia ilitangazwa kuwa chini ya dola 60,000, na ikawa 59,995. Mwaka uleule Porsche 911 ya kawaida kabisa ilikuwa inakaribia dola 100,000, na Ferrari yenye injini katikati ilihitaji zaidi ya dola 270,000. Kuanza kwenyewe kulikuwa kwa taabu. Wafanyakazi wa General Motors waligoma kwa siku 40 kuanzia Septemba 2019, magari ya kwanza yakatoka kiwandani Bowling Green, Kentucky, Februari 2020, na mwezi uliofuata korona ikafunga milango. Hata hivyo mwaka huo wa kwanza yalitoka magari zaidi ya 20,000, na toleo la 2023 likapita 53,000, karibu kabisa na rekodi ya Corvette iliyowekwa mwaka 1979. Gari lililouzwa namna hiyo haliwezi kuitwa pambo la matajiri. Nidokeze pia, kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto, kwamba hii ndiyo Corvette ya kwanza kutoka kiwandani ikiwa na usukani wa kulia, kwa ajili ya Uingereza, Japani na Australia. Vizazi vya nyuma vilipofika katika nchi hizo na mwenyewe akitaka usukani wa kulia, ilibidi vichanwe na kuundwa upya na mafundi wa huko.

Pingamizi linalosemwa kwa uchungu mwingi ni la gia. C8 haina klachi ya mguu. Ina giaboksi ya gia nane kutoka kampuni ya Tremec yenye klachi mbili ndani yake: moja inashika gia za witiri, nyingine za shufwa, hivyo gia ya tatu ikiwa kazini, ya nne imekwisha kuandaliwa na mabadilishano ni ya papo hapo. Mashabiki wanasema gari la spoti bila mkono wa gia halina roho. Naliheshimu pingamizi hili kuliko yote, kwa sababu linahusu furaha ya kuendesha, na furaha haipimwi kwa saa ya mkononi. Lakini lina majibu. Corvette ya 1953 haikuwa na gia za mkono. Ya 1982 pia haikuwa nazo. Na katika kizazi cha saba, ambapo mteja alipewa hiari, wengi walichagua oto. Juechter alieleza pia kwamba kupitisha fito za gia kutoka kwa dereva hadi nyuma ya injini kungelazimu kutoboa uti wa mgongo wa gari, mahali penye kubeba nguvu zake zote, na kwamba hakukuwa na mtengenezaji aliyetaka kubuni giaboksi ya mkono kwa ajili ya wateja wachache kiasi hicho. Anayeitaka gia ya mkono kwa moyo wake wote bado anaweza kununua Mustang. Hilo silisemi kwa kejeli, na Ford wanastahili pongezi kwa kuiendeleza.

Pingamizi la fundi ni gumu zaidi, na sidhani Chevrolet wamelijibu vya kutosha. Corvette za zamani zilipendwa kwa sababu kijana mwenye seti ya spana na jioni mbili za mapumziko aliweza kushusha injini yake uani kwao. C8 imemfungia mlango. Injini imezama, inafikiwa kwa kuondoa vifuniko kadhaa, na giaboksi ile inataka mafuta yake, vifaa vyake na kompyuta yake. Hapa mapatano ya bei yana upungufu, maana bei ya gari ni pamoja na bei ya kulitunza likifikisha miaka 15, na wale wanaolinunua kwa mkono wa tatu ndio watakaolipa. Kitu cha kusema kwa upande wa pili ni kwamba hali hii haikuletwa na mahali injini ilipo. Mustang na BMW za leo nazo zimejaa kompyuta, na injini zao ziko mbele.

Baada ya Stingray ndipo kizazi hiki kilipoanza kuzaa. Toleo la Z06 la mwaka 2023 lina injini tofauti kabisa, LT6 ya lita 5.5, yenye kamshafti nne, valvu 32 na krenkishafti bapa kama ya magari ya mashindano. Inazunguka hadi mara 8,600 kwa dakika na kutoa nguvu za farasi 670 bila turbo, kiwango ambacho hakuna V8 nyingine ya gari la barabarani isiyo na turbo iliyokifikia. Injini ya aina hiyo ilitangulia mashindanoni, ndani ya C8.R iliyoanza kukimbia Daytona Januari 2020, kisha ikaja kwa wateja. Kila LT6 inaundwa kwa mkono na mtu mmoja huko Bowling Green, na kibao chenye jina lake kinabandikwa juu yake. Halafu, tarehe 17 Januari 2023, miaka 70 kamili tangu siku ile ya Waldorf Astoria, ikatangazwa E-Ray: V8 ya Stingray nyuma, mota ya umeme ya nguvu 160 mbele, jumla 655, na kwa mara ya kwanza magurudumu yote manne ya Corvette yanavuta. Betri yake ni ndogo, kilowati-saa 1.9, imelazwa katikati ya viti viwili, na haichomekwi ukutani. Inajichaji yenyewe gari linapokwenda na linapofunga breki. Walioogopa neno umeme walipata jibu zuri hapa, nami nadhani ndilo tendo la akili kuliko yote katika kizazi hiki. Tazama majirani. Camaro, ndugu yake wa kampuni hiyohiyo, ilitengenezwa kwa mara ya mwisho Desemba 2023. Dodge waliiua Challenger yao ya V8 mwezi huohuo, wakaleta Charger ya umeme mtupu inayotoa mngurumo wa bandia kupitia spika, wateja wakaikwepa, na kampuni ikaleta pia toleo la injini ya petroli ya silinda sita. Corvette iliingiza umeme kidogo, mahali unapofanya kazi, ikaacha injini iendelee kunguruma kwa sauti yake yenyewe.

Tatizo linaanza juu ya hapo. ZR1 ya 2025 iliweka turbo mbili kwenye injini ya lita 5.5, ikafika nguvu za farasi 1,064 na mwendo wa kilomita 375 kwa saa, uliopimwa Ujerumani huku rais wa General Motors, Mark Reuss, akiwa kwenye usukani. Ikafuata ZR1X, inayounganisha injini hiyo na mota ya mbele na kufikisha 1,250. Mwaka 2025, katika barabara ya Nürburgring yenye urefu wa karibu kilomita 21, ZR1X ilimaliza mzunguko kwa dakika 6 na sekunde 49, ikiipita Mustang GTD ya Ford, na dereva alikuwa mhandisi wa kampuni, si mwanamashindano wa kukodiwa. Ni mafanikio makubwa ya uhandisi, sina ubishi. Lakini ZR1 ilipotoka ilianzia dola 175,000 hivi na ZR1X imepita 200,000. Na hata matoleo ya chini yaliguswa: Z06 ilipotoka, wauzaji waliongeza makumi ya maelfu ya dola juu ya bei ya kiwanda, walanguzi wakanunua ili wauze kesho yake, ingawa General Motors ilikuwa imetangaza kwamba atakayeuza kabla ya mwaka kwisha, sehemu ya dhamana haitamfuata mnunuzi mpya.

Wapo wanaojibu kwamba ZR1X kwa dola 200,000 bado ni nafuu, kwa kuwa gari la Ulaya lenye mwendo huo linauzwa mara kadhaa ya bei hiyo. Hesabu ni sahihi, ila inatoka kwa mtu ambaye tayari anazo hizo 200,000. Kijana wa gereji ambaye Duntov aliandika waraka kwa ajili yake mwaka 1953 hayumo katika mazungumzo hayo. Kwangu mimi matoleo hayo makubwa ni tangazo la biashara, na tangazo si dhambi maadamu duka lenyewe liko wazi. Duka lenyewe ni Stingray, na katika toleo la 2026 ilianzia kidogo juu ya dola 70,000, kutoka zile 59,995 za mwanzo. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni mfumuko wa bei uliolipata kila gari Marekani tangu korona, kwa hiyo sioni bado kwamba mapatano yamevunjwa. Siku Stingray itakapofika dola 100,000 huku mshahara wa Kentucky ukiwa palepale, nitajiunga na walalamikaji, wala sitawauliza injini iko wapi. Kwa bei ya leo, hukumu yangu ni kwamba kizazi cha nane ndicho Corvette bora iliyowahi kutengenezwa, na ya kununua, kwa mwenye uwezo wa kuchagua, ni ile ya bei ya chini kabisa.